Kiraka Kabla ya Tundu

3 Februari

Wifi,

Salamu zako nimeziweka mwisho wa barua, ukifika huko utazikuta. Naandika kwa sababu simu unakata. Mara mtandao mbovu, mara mtoto ameanguka, mara unaniambia subiri halafu nasikia kimya. Karatasi haikatwi. Na huyu kaka yangu, ambaye kwa bahati mbaya ni mume wako, anapita hapa dukani na lori lake kila akishusha mzigo, basi atakuwa posta wetu. Nimemwambia asisome. Atasoma.

Furushi analokuletea ni sare za shule za hao watoto wako wa makao ya yatima: sketi, kaptura na mashati. Kitambaa ni kile kizito cha bluu ninachowashonea walinzi, vipande vinavyobaki nikishakata. Mishono yote nimepita mara mbili. Upindo nimeacha mpana, mtoto akirefuka unaushusha. Na kama kawaida yangu nimeweka viraka mapema, magotini kwa wavulana na sehemu ya kukalia kwa wote, kitambaa juu ya kitambaa, nikapiga mistari ya cherehani miraba miraba mpaka katikati. Dawati lisugue litakavyo. Mafundi wengine wanangoja nguo itoboke ndiyo washike sindano. Mimi tundu silingojei.

Lakini nina neno. Zile barua za shukrani mlizoniletea mwezi uliopita, maandishi ni ya watoto tofauti ila maneno ni yaleyale, hata mkato umekaa palepale. "Tunakushukuru kwa nguo nzuri na imara." Mliwaandikia ubaoni wakanakili. Katika watoto wote hao hakuna hata mmoja wa kuniambia sketi inambana, au mfuko ni mdogo? Niambie ukweli, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Salamu: hujambo. Waambie watoto nawapenda, ila wasichezee mifuko, inachanika pembeni.

Wifi yako,
Fundi


19 Februari

Wifi mpenzi,

Mimi sijambo, na simu sikati, ni mtandao wa huku. Nguo zimefika salama. Watoto wamefurahi sana, sana. Jinsi ulivyozishona, mtu anaweza kuzirithisha.

Nina ombi dogo tu na usilichukulie vibaya. Kitambaa kikiwa mara mbili hakikauki upesi, na watoto wana sare mojamoja. Safari ijayo usijichoshe na viraka, hasa vile vya kukalia. Muda huo upumzishe mgongo wako.

Kibiriti anakusalimia. Ndiye yule msichana wa darasa la saba niliyekwambia anasoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata ya kufungia sabuni, na ukimgusa vibaya anawaka. Wiki hii hajaenda shule, ana mafua kidogo. Atapona.

Wifi yako akupendaye,
Mlezi


6 Machi

Wifi,

Hazikauki? Jua la huko limehamia wapi? Kaka mwenyewe analalamika kwamba ua wa makao yenu hauna kivuli hata cha kuegesha lori. Kama umechoka kufua, sema umechoka kufua.

Na nani amekwambia mgongo wangu unauma? Mimi sijakupangia utawaogeshaje watoto. Usinifundishe kazi.

Sasa ngoja nikueleze kitu ambacho kaka yangu hakijui, maana alikuwa bado anabebwa. Nilikuwa na sketi moja ya shule. Ikatoboka nyuma, pale pa kukalia, tundu dogo tu, mama akasema nitashona Jumamosi. Alhamisi mwalimu akaniita ubaoni kufanya hesabu. Ningefanyaje? Nikaenda kinyumenyume, uso kwa darasa, nikijifanya natembea kawaida. Nikajikwaa kwenye kiti cha mwalimu, nikaanguka puu, na tundu likawa mlango. Walicheka, wifi. Walicheka mpaka darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani. Mwalimu naye alijifuta macho kwa leso. Kesho yake sikwenda, na Jumatatu sikwenda, na sikurudi tena mpaka leo. Hesabu ile niliijua. Ndiyo inayonikereketa kuliko yote, kwamba niliijua.

Kwa hiyo viraka havitoki. Hakuna mtoto atakayechekwa kwa sababu ya tundu wakati mimi nina mikono. Hili furushi jipya nimeviongeza unene.

Kibiriti mpe pole. Mafua ya nini msimu huu?

Wifi yako,
Fundi


25 Machi

Wifi,

Umesema, nimesikia. Pole kwa yaliyokupata. Shona unavyoona.

Furushi limefika.

Mlezi


11 Mei

Wewe,

Jana kaka aliniletea gunia. Anasema alilikuta nyuma ya mlango wa stoo yako, akachungulia, akaona sketi zimechanika, akasema haya, dada atazirekebisha. Wewe hukumtuma. Na sasa najua kwa nini.

Nimelimwaga gunia juu ya meza ya kukatia, nikavaa miwani. Kila sketi imetolewa kiraka. Hakijachakaa, kimefumuliwa, tena kwa wembe na mtu mwenye haraka zake, maana sehemu nyingine umekata mpaka kitambaa cha chini. Pale kilipotoka pamebaki matundu ya sindano, mstari kwa mstari, na nguo imechanika kwa kuyafuata matundu hayo hayo. Nguo ambayo ingemaliza shule na mtoto, umeiua wewe kwa mkono wako.

Nikamuuliza kaka, viraka vyenyewe viko wapi? Akacheka. Akasema labda ni vile vitambaa vya bluu mnavyoshikia sufuria jikoni. Anasema ni vizuri, haviunguzi.

Nimekaa na gunia hili mezani tangu jana, leo nakupa vidonge vyako. Mimi nikifunga duka siendi kulala, nakaa kwenye cherehani mguu umevimba, ili wewe usiungue vidole? Ungeniomba vitambaa vya sufuria ningekushonea, tena na kitanzi cha kuning'iniza. Lakini umewavua watoto. Umemvua mtoto yatima kiraka cha makalioni ukaenda kupikia, halafu unaniandikia "wifi mpenzi" na "sana, sana." Kumbe muda wote unanivisha kilemba cha ukoka.

Furushi linalofuata haliji kwako. Makao ya watoto yapo mengine. Kaka yangu atakula kwako kwa sababu amekuoa, mimi sijakuoa.

Fundi


20 Mei

Fundi,

Na mimi leo sikuiti wifi. Nimenyamaza tangu Februari na kunyamaza kwenyewe kumenitoa jasho, sasa nisikilize.

Ndiyo, nilivifumua. Ndiyo, nashikia sufuria. Ulitaka nivizike?

Shule nzima sare ni moja. Uongozi wa shule ile kazi yake kubwa ni kuhakikisha watoto wote wanafanana. Halafu wanaingia watoto wangu, na kila mmoja ana mto wa miraba umeshonewa matakoni. Mwezi wa kwanza tu walishapata jina. Wanaitwa Makochi. "Makochi wamefika." "Leta kochi nikae." Kuna wavulana waliwakimbiza wasichana wangu uwanjani wakitaka kuwakalia. Wadogo wakarudi wakaniuliza, Mama, kwa nini nguo yetu mpya ina kiraka, tulichana nini? Ningewajibu nini? Nguo mpya ya mtoto wa mtu mwingine inatoka dukani haina kiraka. Yao inatoka kwako, mpya kabisa, na tayari imeshaandikwa huyu ni wa kusaidiwa.

Nilijaribu kukwambia Februari, nikazunguka, nikasingizia kukauka. Ukanijibu kwa ile habari ya ubaoni. Baada ya hapo ningekwambiaje, mwanamke wewe? Nikachukua wembe. Nikafumua mpaka vidole vikatoka damu, na haikusaidia kitu. Sehemu nyingine yote ya nguo ilishapauka, pale chini ya kiraka pamebaki mraba wa bluu iliyokolea. Sasa wanasema kochi limeondolewa foronya. Halafu zikaanza kuchanika, kama ulivyoona, na ndipo nikazificha kwenye gunia, kwa sababu nilikuogopa. Ndiyo, nimelisema. Nakuogopa wewe na mdomo wako, na niliogopa ukikasirika watoto watakosa hata hizo.

Na Kibiriti hana mafua. Hajawahi kuwa nayo. Alivua sketi yako Februari ile, akaiweka kitandani kwangu, akasema harudi shule. Amekataa katakata. Hii ni miezi mitatu. Anawafundisha wadogo kusoma hapa barazani, na wenzake wa darasa la saba wanajiandaa na mtihani. Mwalimu mkuu amesema shule zikifunguliwa Julai kama hayupo darasani, mtihani hafanyi. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemnyima kusimama jikoni na mimi, kitu anachokipenda. Anarudi zake barazani kwa wadogo.

Kile ulichoniandikia mwezi wa tatu sijamwambia mtu, hata mume wangu. Hilo tu ndilo ninaloweza kujisifia.

Peleka furushi unakotaka.

Mlezi


2 Juni

Mlezi,

Nimeisoma barua yako, nikaitupa kwenye kapu la vipande, nikaiokota, nikaisoma tena. Sijui nianze kumkasirikia nani.

Nianze na wewe. Februari. Ungeniambia Februari ningetukana siku mbili, ya tatu ningekuwa nimeshapata njia. Wewe ukanionea huruma. Mtoto amekaa nje ya darasa ili mimi nisinune. Nani alikutuma unihurumie? Umenijua miaka yote hii, lini umeona nimekufa kwa sababu ya maneno?

Nije kwa walimu. Wana macho, wana fimbo za kuelekezea ubaoni, na hawana mdomo wa kusema acheni. Nikipata nafasi kwenye lori nitakuja kuwauliza wanalipwa kutazama nini.

Na hao wavulana wa kukalia wenzao, mama zao ningewashonea mdomo, mshono wa mara mbili.

Lakini na mimi sijaamini yote. Watoto hucheka kila kitu. Watacheka kiatu, watacheka kichwa. Kiraka ni kitambaa, hakina kosa, na tundu ni baya kuliko kiraka, hilo nalijua mimi na si wewe. Labda huyo msichana wako ni mvivu. Labda anadeka na wewe unamdekeza.

Aandike mwenyewe. Sitaki ya kunakili ubaoni. Aandike kwa mkono wake, na kama ana hasira aziandike. Usimsimulie habari zangu, usimsahihishe, na wala usiisome. Mpe kaka ikiwa imefungwa.

Fundi


9 Juni

Kwa Bibi Fundi,

Shikamoo. Mama Mlezi ameniambia nikuandikie ninachotaka. Nilimuuliza kama ni kweli ninachotaka, akasema ndiyo, halafu akatoka nje akafunga mlango.

Mimi ninaitwa Kibiriti. Mimi si mvivu. Wewe hukusema hivyo kwangu lakini dereva alinitania njiani kwamba umesema. Anasoma barua zenu.

Nguo zako ni ngumu. Nilijaribu kuitoboa. Nilisugua ile sketi kwenye ukuta wa choo cha shule, kila siku, kwa sababu ikitoboka kabisa Mama Mlezi angenitafutia nyingine. Haikutoboka. Wasichana wengine sketi zao zinaisha, wanapata mpya. Yetu haiishi. Nilikuwa nalala nafikiria nitaivaa mpaka niwe mtu mzima.

Siku niliyoacha shule mwalimu aliuliza swali la hesabu za sehemu na hakuna aliyejua. Mimi nilijua lakini sikunyoosha mkono. Akaniita tu, kwa sababu huwa najua. Nilijua nikiwapa mgongo watasema kochi linahama. Basi nikaenda kinyumenyume. Nilifika ubaoni hivyo hivyo, sikuanguka. Mwalimu akasema geuka, ubao uko nyuma yako, utaandikaje? Nikageuka. Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliwanyamazisha, halafu akaniambia kwa sauti mbele ya wote, "Hicho ni kiraka tu, usione haya, ninyi ni watoto wa kusaidiwa." Ingekuwa afadhali angecheka.

Swali nililiacha. Nililijua.

Sitaki kukukosea adabu. Mama Mlezi anasema hutulipishi kitu na unashona ukiwa umechoka. Lakini mimi sikukuomba kiraka. Nguo yangu ilikuwa haina tundu. Kwa nini uliniwekea kiraka mahali ambapo hakuna tundu? Ulijuaje kwamba mimi nitachanika?

Naomba uache.

Kibiriti


15 Juni

Wifi,

Lete zote. Zilizochanika, zilizopauka, na zile ambazo hujazifumua. Usiniulize kitu kuhusu barua ya huyo mtoto. Nimekaa nayo mapajani tangu asubuhi, sijashona hata kifungo. Mteja kaja kuchukua suruali yake nikamwambia duka limefungwa, na mlango uko wazi.

Hasira ninazo, usijidanganye. Ila sasa nikizitafutia mtu wa kumtupia namkuta amevaa miwani yangu.

Nimepima kitambaa cha bluu. Kinatosha kubadilisha migongo ya sketi na kaptura, upande mzima, halafu nitazitia rangi upya mbele na nyuma zifanane. Kiraka nitakiweka kwa ndani. Usipige kelele, nimesema kwa ndani. Nitashona kwa mkono, sindano iguse nyuzi za chini tu, mtu wa nje asione hata alama. Ni kazi ya kutoa macho, ndiyo maana sikuwahi kuifanya, nilisema cherehani inatosha, nani ataangalia.

Shida ni kwamba baada ya migongo hakibaki kitambaa cha kuweka ndani. Kwa hiyo vile vitambaa vyako vya sufuria navyo lete. Vyote. Utashika sufuria kwa majani ya daftari.

Sketi ya Kibiriti iwe juu kabisa ya gunia. Na mwambie kaka akisoma hii, mimi nimeona kidole chake cha grisi kwenye bahasha.

Wifi yako,
Fundi


30 Juni

Kibiriti,

Marahaba.

Umeniuliza nilijuaje kwamba utachanika. Sikujua. Nilikuwa namshonea mtoto mwingine, ambaye sasa ni mzee na anavaa miwani, na yeye ndiye aliyekuwa na tundu. Siku ukija hapa dukani nitakusimulia, si kwenye barua, maana dereva ana macho marefu.

Sketi yako ndiyo hiyo, nimeishona ya kwanza. Upindo nimeushusha, kaka anasema umerefuka. Kiraka kipo, sitakudanganya. Kipo kwa ndani, na wanaojua ni mimi na wewe. Ukikiona hukitaki, chukua wembe wa Mama Mlezi, lakini fumua polepole, uzi mmoja mmoja, usiue nguo. Sitanuna. Nitanuna kidogo.

Wale waliokucheka mimi sijawasamehe, na wewe usiharakishe. Lakini shule ni yako kama ilivyo yao. Mwalimu akikuita ubaoni, nenda. Wape mgongo. Waache wautazame mpaka wachoke, wewe andika jibu.

Bibi Fundi


14 Julai

Kwa Bibi Fundi,

Shikamoo. Naandika haraka, dereva ameshawasha lori.

Nilirudi shule Jumatatu. Hakuna aliyeniita ubaoni, mpaka Alhamisi nikanyoosha mkono mwenyewe. Swali halikuwa gumu. Nilipokuwa naandika, yule mvulana wa nyuma alisema kochi, na wengine wakatazama, halafu hawakuona la kucheka. Akasema tena, kwa sauti ndogo. Mimi niliandika hatua zote, hata zile za kuruka, nikasimama hapohapo nimewapa mgongo mpaka mwalimu akaniambia inatosha, kaa.

Kiraka sijakifumua. Nilikigeuza kukitazama. Kina alama nyeusi ya sufuria, duara, na nikikaa juani kinanuka moshi wa jikoni kwetu. Nje haionekani.

Wadogo wanauliza za kwao zinakuja lini. Mama Mlezi anasema nikwambie ameungua kidole.

Kibiriti